Mkato, Nukta na Herufi Kubwa: Majibu kwa Kamati Zinazoandika kwa Kiingereza

Kila robo mwaka inapokaribia kwisha, ofisi ya miradi hupokea ripoti na barua kutoka sharikani, na baadhi yake huwa zimeandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza ili zipelekwe kwa washirika wetu wa ng'ambo. Pamoja na ripoti hizo huja maswali. Mengi hayahusu maneno, kwa sababu kamusi zipo na vijana wetu waliosoma sekondari wapo. Yanahusu alama: mkato uwekwe wapi, herufi kubwa ianze wapi, na ile ritifaa inayoning'inia karibu na "s" ina kazi gani. Katika toleo hili nimekusanya yale yanayojirudia sana, nami nayajibu kwa kadiri ya nafasi niliyopewa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya walimu wa lugha, na kwamba mfadhili anataka kujua kisima kimechimbwa au hakikuchimbwa. Ni kweli kwamba hakuna mshirika mwema atakayekataa mradi kwa sababu ya nukta. Lakini alama za Kiingereza si mapambo. Kiswahili hubeba sehemu kubwa ya maana ndani ya maneno yenyewe, kwa viambishi vyake, ilhali Kiingereza mara nyingi huiacha maana hiyo mikononi mwa alama ndogo sana. Alama ikikosewa, sentensi huendelea kuonekana safi kabisa, ila inasema jambo jingine. Na andiko la mradi likishatiwa saini na pande mbili, linalohesabika ni lile lililoandikwa.

MJANE MMOJA AU WAJANE WENGI?

Tuanze na ritifaa, maana ndiyo inayosumbua kuliko zote. Katika Kiswahili tunaijua kwa kazi moja, yaani kutofautisha sauti ya "ng'ombe" na ile ya "ngoma". Ni sehemu ya tahajia ya neno, basi. Katika Kiingereza ina kazi mbili tofauti kabisa: kuonyesha mali ni ya nani, na kuonyesha kwamba kuna herufi zimeachwa.

Angalieni mfano huu. Tukisema "mbuzi wa mjane" na "mbuzi wa wajane", hakuna atakayechanganya, kwa kuwa kiambishi cha "wa-" kimekwisha kutuambia kwamba wahusika ni wengi. Kwa Kiingereza, "the widow's goats" ni mbuzi wa mjane mmoja, na "the widows' goats" ni mbuzi wa wajane wengi. Someni kwa sauti: hakuna tofauti hata kidogo. Tofauti iko machoni tu, katika mahali ritifaa ilipokaa. Kamati ikiandika kwenye mkataba kwamba "the widow's goats" watapewa chanjo na dawa kwa mwaka mmoja, imeahidi kuhudumia mbuzi wa mama mmoja, wakati bajeti imepanga kaya arobaini. Mkaguzi wa hesabu anayesoma maandishi peke yake, bila kuwajua akina mama hao, ana haki ya kuuliza.

Njia rahisi ni hii. Kwanza andika jina la mwenye mali kama lilivyo, awe mmoja au wengi. Ukishalimaliza, ndipo uweke ritifaa. Ikiwa neno hilo la wingi tayari linaishia na "s", ritifaa peke yake inatosha: "parents' meeting", "farmers' group". Ikiwa haliishii na "s", ongeza ritifaa na "s". Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu Kiingereza kina maneno ya wingi yasiyoishia na "s": "women", "men", "children", "people". Kwa hiyo ni "women's group" na "children's home". Kuandika "womens' group" ni kosa, kwa kuwa neno "womens" halipo.

Kuna tahadhari moja hapa kuhusu majina ya vikundi vilivyokwisha kusajiliwa. Jina likiwa limeandikwa bila ritifaa kwenye cheti cha usajili na kwenye akaunti ya benki, liandikeni hivyo hivyo katika barua zenu zote, hata kama mwalimu wa Kiingereza atanung'unika. Jina rasmi halisahihishwi na katibu. Hata huko kwenye makampuni makubwa ya Marekani, McDonald's ina ritifaa na Starbucks haina, na yote mawili ni sahihi kwa sababu ndivyo wenyewe walivyojiita.

Swali pacha na hilo ni la "its" na "it's". La kwanza maana yake ni "yake", kama katika "the parish and its members". La pili ni kifupi cha "it is". Waingereza na Wamarekani wenyewe hukosea hapa kila siku. Nashauri kamati zetu zisihangaike na kanuni: katika barua rasmi na ripoti msitumie vifupi vya namna hiyo kabisa. Andikeni "it is", "do not", "cannot" kwa ukamilifu. Mkifanya hivyo, kila "its" itakayobaki katika ripoti itakuwa ile ya "yake", isiyo na ritifaa, na tatizo litakuwa limekwisha lenyewe.

Mwisho kuhusu ritifaa: haitumiki kufanya wingi. Tunaona "NGO's", "photo's", "the 1990's". Andikeni "NGOs", "photos", "the 1990s".

MKATO UNAOAMUA NANI APEWE

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu katika makala hii, lingekuwa hili. Chukueni sentensi mbili zifuatazo:

"Pupils who live far from school will receive bicycles."

"Pupils, who live far from school, will receive bicycles."

Maneno ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Ya kwanza inasema wanafunzi wale tu wanaoishi mbali ndio watakaopata baiskeli. Ya pili inasema wanafunzi wote watapata baiskeli, na inaongeza kama habari ya kando kwamba wote wanaishi mbali. Shule ikiwa na wanafunzi 300, na 40 kati yao ndio wanaotoka mbali, mikato hiyo miwili imeongeza baiskeli 260 ambazo hakuna aliyezipangia fedha.

Msomaji aliyezaliwa na lugha hiyo hafikirii kanuni. Anaona mikato miwili, anaelewa "wote", anaendelea kusoma. Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani huiweka mikato hiyo pale tunapovuta pumzi, nasi tunadhani tumesaidia. Kipimo chake ni kama kufuta kwa kidole. Ziba maneno yaliyo katikati ya mikato miwili, kisha usome kilichobaki: "Pupils will receive bicycles." Je, hilo ndilo mlilokubaliana kikaoni? Kama sivyo, ondoeni mikato. Kanuni hiyo hiyo huhusu yatima, wazee, wenye ulemavu, na kila kundi tunalolitaja katika maandiko yetu kwa kutumia "who". Kwa vitu tunatumia "that" bila mkato tunapochagua baadhi, na "which" pamoja na mikato tunapoongeza habari tu.

Jambo la kuvuta pumzi lina historia yake. Katika zama za kale, maandishi ya Kigiriki na Kilatini mara nyingi yaliandikwa bila hata nafasi kati ya maneno, na alama zilianza kama msaada kwa mtu anayesoma kwa sauti mbele ya watu, zikimwonyesha mahali pa kutua. Waliosoma masomo ibadani wanaujua msaada huo. Lakini baada ya uchapaji kuenea, alama zilichukua polepole kazi ya kuonyesha muundo wa sentensi, na Kiingereza cha leo hufuata zaidi muundo kuliko pumzi. Ndiyo maana ni kosa kuandika "The members of the building committee, agreed to buy cement", hata kama mnenaji angepumzika baada ya "committee". Mtendaji na tendo lake hawatenganishwi na mkato mmoja.

KESI YA MADEREVA WA MAZIWA

Wengi huuliza: tukitaja vitu vitatu au zaidi, tuweke mkato kabla ya "and" ya mwisho? Yaani tuandike "maize, beans and rice" au "maize, beans, and rice"? Mkato huo wa mwisho una jina lake, huitwa mkato wa Oxford, kwa kuwa ni desturi ya siku nyingi ya wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford. Magazeti mengi ya Uingereza huuacha. Vitabu vingi vya Marekani huuweka. Namna zote mbili zinakubalika.

Hata hivyo, upo mfano wa kweli unaoonyesha kwamba uchaguzi huo unaweza kuwa na bei. Katika jimbo la Maine huko Marekani, sheria ya kazi ilikuwa ikitaja shughuli ambazo wafanyakazi wake hawakustahili malipo ya saa za ziada. Orodha hiyo ilitaja kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha na nyinginezo, kisha ikamalizia kwa maneno "packing for shipment or distribution" ya mazao na vyakula vinavyoharibika. Hapakuwa na mkato baada ya "shipment". Madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy wakadai malipo yao. Hoja yao ilikuwa kwamba maneno hayo yanataja kazi moja tu, yaani kufungasha, iwe ni kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza. Na wao hawafungashi, wao wanasambaza. Kampuni ikajibu kwamba kusambaza ni kazi ya pekee katika orodha hiyo. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba maneno hayo yana utata, na kwamba utata huo uamuliwe kwa kuwapendelea wafanyakazi. Mwaka 2018 pande hizo mbili zilipatana kwa dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo likaiandika upya orodha, safari hii kwa kutenganisha kila kazi kwa nukta mkato.

Huko Kanada kulikuwa na kesi ya jamii hiyo mwaka 2006, kati ya makampuni ya Rogers na Aliant, kuhusu mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Kampuni moja iliamini kuwa mkataba unadumu angalau miaka mitano. Mkato mmoja ulioongezwa kabla ya maneno "unless and until terminated" uliifanya tume ya mawasiliano iamue kwamba mkataba ungeweza kuvunjwa wakati wowote kwa taarifa ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata uamuzi huo ulibadilishwa, baada ya kuangaliwa nakala ya mkataba huo kwa Kifaransa, ambayo haikuwa na utata. Napenda sana kesi hii kwa sababu inatukumbusha faida ya kuwa na nakala mbili. Sharika zinazotia saini makubaliano na washirika wa nje zinafanya vema kuomba pia nakala ya Kiswahili yenye saini zile zile, na kuandika ndani yake kwamba nakala zote mbili zina nguvu sawa.

Ushauri wangu kuhusu mkato wa Oxford ni kuuweka. Unagharimu nafasi ndogo sana, na katika bajeti na mikataba unazuia vitu viwili vya mwisho visishikamane. Orodha ikiwa ndefu, achaneni na mikato kabisa. Pangeni vitu mstari kwa mstari.

Kuna kosa jingine la mkato ambalo chanzo chake ni Kiswahili chetu kizuri. Sisi husema, "Mvua hazikunyesha, mahindi yalikauka", na sentensi hiyo inatembea vizuri. Kiingereza rasmi hakikubali sentensi mbili kamili ziunganishwe kwa mkato peke yake. "The rains failed, the maize dried up" huhesabiwa kosa. Wekeni nukta katikati, au neno la kuunganisha kama "and" au "so". Njia ya tatu ni nukta mkato, alama iliyochapwa kwa mara ya kwanza huko Venice mwishoni mwa karne ya 15, katika kiwanda cha mchapaji Aldus Manutius. Ni alama yenye heshima, lakini ripoti ya mradi inaweza kuishi bila hiyo. Nukta haijawahi kumpotosha mtu.

HERUFI KUBWA: HESHIMA NA KANUNI

Hapa desturi mbili zinagongana. Kwetu sisi herufi kubwa ni sehemu ya adabu: tunaandika Mwenyekiti, Katibu, Mtunza Hazina, Mzee wa Kanisa, kwa kuwa tunaheshimu nafasi zao. Kiingereza cha kawaida hutoa herufi kubwa kwa cheo pale tu kinapotangulia jina la mtu au kutumika badala ya jina lake. Cheo kikisimama peke yake, hupata herufi ndogo: "the bishop arrived at noon", "the chairperson opened the meeting". Askofu hajadharauliwa. Ndivyo lugha yao ilivyo. Hata hivyo, taasisi nyingi huwapa viongozi wao herufi kubwa ndani ya nyaraka zao wenyewe, na hilo nalo si kosa. Kosa ni kuandika "Chairperson" ukurasa wa kwanza na "chairperson" ukurasa wa tatu, msomaji akabaki anajiuliza kama ni watu wawili.

Neno "church" huulizwa sana. Jengo huandikwa kwa herufi ndogo: "we are roofing the church". Likiwa ni sehemu ya jina rasmi huandikwa kwa kubwa, na jina letu kwa Kiingereza ni "Evangelical Lutheran Church in Tanzania". Angalieni kwamba "in" ni ndogo. Maneno madogo ya kuunganisha yaliyo katikati ya jina au kichwa cha habari hayakuzwi. Likimaanisha kanisa zima la waumini, wengi huandika "the Church". Vivyo hivyo "the Diocese" kwa dayosisi yetu iliyokwisha kutajwa, lakini "a diocese" kwa dayosisi yoyote. "Bible" ni kubwa, "biblical" ni ndogo. "Christian" ni kubwa daima, awe mtu au sifa.

Je, viwakilishi vya Mungu viandikwe "He" na "Him"? Wengi hufanya hivyo kwa unyenyekevu, wala hakuna atakayewakemea. Lakini si lazima: Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, inayoheshimiwa kuliko zote katika lugha hiyo, huandika viwakilishi hivyo kwa herufi ndogo. Kitu ambacho Biblia za Kiingereza hukifanya, na ambacho msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version anakijua tayari, ni kuandika neno zima "LORD" kwa herufi kubwa mahali ambapo Kiebrania kina lile jina takatifu la Mungu. Ndiyo ile "BWANA" yetu. Mkinukuu andiko, lindeni herufi hizo, kwa sababu zina maana yake.

Siku za juma na miezi ni kubwa, kama kwetu. Majira ni madogo: "dry season", "long rains". Majina ya mataifa na lugha ni makubwa hata yanapokuwa sifa tu: "Tanzanian coffee", "German partners". Ndiyo maana viazi mviringo huandikwa "Irish potatoes" kwa herufi kubwa huku "maize" ikibaki ndogo. Ziwa likitajwa kwa jina ni "Lake Victoria". Likitajwa tena bila jina ni "the lake".

Msishangae mkipokea barua ya Kiingereza kutoka Ujerumani yenye herufi kubwa kila mahali. Kijerumani hukuza kila jina la kitu, meza iwe meza au neema iwe neema, na pia hukuza neno la heshima la kumwita mtu, hivyo Mjerumani akiandika "You" kwa herufi kubwa anawaheshimu. Kidenmaki nacho kilikuwa na desturi ya kukuza majina hadi mwaka 1948. Hata Kiingereza kilipitia huko: Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 imejaa majina ya kawaida yaliyoanzwa kwa herufi kubwa. Kilichobaki kwao leo, na ambacho ni cha kwao peke yao, ni kumwandika "mimi" kwa herufi kubwa, "I", popote anapokaa.

Kuandika sentensi nzima kwa herufi kubwa si vizuri. Mzungumzaji wa Kiingereza huisoma kama mtu anayepiga kelele, na "PLEASE SEND THE SECOND INSTALMENT" haileti awamu ya pili mapema zaidi.

TARAKIMU NA TAREHE

Nimeiweka sehemu hii karibu na mwisho, lakini mtunza hazina na aanze nayo. Sisi tunafuata desturi ya Kiingereza: mkato hutenganisha maelfu, na nukta hutenganisha senti. Ujerumani na Denmaki hufanya kinyume chake. Kwao "1.500" ni elfu moja na mia tano, na "1,500" inaweza kusomwa kama moja na nusu. Uswidi, Norwei na Finland huacha nafasi tupu kati ya maelfu, kisha huweka mkato kabla ya senti. Tukipokea taarifa ya fedha kutoka kwao, au wakipokea yetu, kila mmoja anaweza kusoma kwa dhamiri safi na bado mkakosana.

Dawa yake ni tatu. Acheni senti katika bajeti, maana hazibadilishi chochote. Andikeni alama ya fedha kwa herufi tatu zinazojulikana na mabenki, TZS, EUR au USD, mbele ya kiasi. Na kiasi kikubwa kirudieni kwa maneno, kama tunavyofanya kwenye hundi. Ile "/=" yetu ya dukani, kama 45,000/=, iacheni kwenye stakabadhi za hapa nyumbani. Ni alama ya Afrika Mashariki, na mhasibu wa nje haijui; anaweza kudhani kuna tarakimu imekosekana. Kwa wanaoandikia Ujerumani, kumbukeni pia kwamba neno "billion" la Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja, wakati "Billion" ya Kijerumani ni milioni mara milioni.

Tarehe nazo: 05/06/2025 kwetu na Uingereza ni tarehe 5 Juni, kwa Mmarekani ni tarehe 6 Mei. Mwezi mzima umepotea. Andikeni jina la mwezi: "5 June 2025".

ALAMA ZA KUNUKUU NA MENGINEYO

Uingereza huanza na alama moja ya kunukuu, Marekani huanza na mbili. Chagueni moja. Kubwa zaidi ni kwamba alama hizo hazitumiki kutilia mkazo. Katibu anayeandika: We thank you for the "clean" water, akidhani amelipamba neno, amemwambia Mwingereza kwamba maji hayo yanaitwa safi lakini si safi. Ni dhihaka. Katika barua ya shukrani kwa mtu aliyechangia kisima, sijui alama nyingine inayoweza kuharibu zaidi kwa nafasi ndogo namna ile. Mkitaka kumnukuu mwanakijiji, wekeni alama kwenye maneno yake aliyoyasema kweli. Ikiwa mmeyafupisha au kuyatafsiri kwa uhuru, elezeni alichosema bila kuweka alama hizo.

Alama ya mshangao, moja inatosha, na katika ripoti hata hiyo ni nyingi.

Baada ya "Dear Sir or Madam" Mwingereza huweka mkato, na Mmarekani katika barua rasmi huweka nukta mbili. Aya inayofuata huanza kwa herufi kubwa. Mjerumani huanza na ndogo, kwa kuwa kwake salamu na aya ni sentensi moja. Uingereza huandika "Mr" bila nukta, Marekani "Mr." kwa nukta. Ukianza na "Dear Sir or Madam" malizia kwa "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu malizia kwa "Yours sincerely". Neno la pili katika miisho hiyo ni dogo.

Swali la mwisho lililofika mezani kwangu linahusu kompyuta, kwamba hukuza herufi bila kuombwa. Ni kweli. Programu ya kuandikia ikiona nukta hudhani sentensi imekwisha, hivyo baada ya kifupi kama "approx." inaweza kukuza neno linalofuata. Kabla ya kuanza kuandika, chagueni lugha ya waraka, Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani kulingana na mpokeaji. Na mkimaliza, chapeni nakala moja kwenye karatasi, mpeni mjumbe ambaye hakuiandika, asome akiwa na kalamu mkononi. Mikato mingi iliyopotea huonekana kwenye karatasi.